LEBO IMETOKA NA VISANDUKU: somo la fonti kwa sisi tunaouza mtandaoni

Wa huku kwetu Rungwe, mʉgonile! Hebu iangalie vizuri hiyo salamu kwenye simu yako. Herufi ya pili ni u iliyopigwa mstari katikati. Kama unaiona hivyo, simu yako iko sawa. Kama unaona kisanduku kitupu au alama ya kuuliza, basi somo la leo umeshaanza kulipata kabla sijakufundisha.

Leo tunaongelea fonti. Najua ukisema fonti watu wengi wanafikiria urembo: hii imekunjwakunjwa, hii nene, hii kama mwandiko wa mkono. Mimi nina stesheni ndogo hapa Mpuguso. Nachapa lebo, kadi za biashara na stika za chupa, na vitu vyangu vingine nauza mtandaoni kama nyie. Elimu yangu ni ya form four, haya mambo nimeyapata kwa kusoma mtandaoni na kuwauliza mafundi waliotangulia. Na kitu ninachokiona karibu kila wiki ni hiki: mtu ana bidhaa nzuri, jina zuri, hela ya kuchapa anayo, ila fonti kaichagua kwa macho peke yake. Hakuuliza kama hiyo fonti ina herufi zake zote.

Chukulia fonti ni boksi la mihuri. Kila herufi ina muhuri wake. A kubwa ina muhuri wake, a ndogo wake, koma wake, namba 5 wake. Ukiandika neno, kompyuta inaingia kwenye boksi, inatoa muhuri mmoja mmoja na kugonga. Sasa aliyetengeneza boksi kama hakuchonga muhuri wa ʉ, huo muhuri haupo. Hata ukuze saizi, hata ubadilishe rangi, hata ununue printa ya mamilioni, haupo. Kompyuta inagonga kisanduku kitupu, kukuambia kwamba imeitafuta herufi ikaikosa. Wazungu wa kompyuta hicho kisanduku wanakiita tofu, jina la chakula cha soya kinachokatwa vipande vya mraba. Sisi tuseme kisanduku tu.

Kompyuta inajuaje muhuri upi ni wa herufi ipi? Kwa namba. Kuna orodha moja ya dunia nzima inaitwa Unicode, toleo lake la kwanza lilitoka 1991, na kila herufi ya lugha zilizomo imepewa namba. Zamani kila kampuni ilikuwa na orodha yake fupi ya herufi 128 au 256, na orodha hizo ziliwafikiria zaidi watu wa Marekani na Ulaya. Leo namba zipo za kutosha. Lakini hapa ndipo watu wengi wanapigwa: herufi kuwa na namba kwenye Unicode si sawa na herufi kuwa na muhuri kwenye fonti yako. Namba ni ya dunia nzima. Muhuri ni wa yule kijana aliyekaa akachora fonti, na kama alichora A mpaka Z akachoka, ndiyo basi.

Mtu wa Kiswahili tupu anaweza kufanya biashara miaka kumi asigundue hili. Kiswahili kilibahatika. Kiswahili sanifu kilichosimamiwa na ile kamati ya lugha iliyoundwa 1930 kinaandikwa kwa herufi za kawaida kabisa, hakuna mkia, hakuna nukta za ziada. Sauti ngumu tunaunganisha herufi mbili: ch, sh, dh, gh, ny. Kwa hiyo karibu kila fonti duniani inaandika Kiswahili. Kasoro yake ni moja, ng', na hiyo nitaifikia.

Lugha zetu za nyumbani ndizo zinazoumia. Kinyakyusa kina irabu saba, siyo tano. Kwenye WhatsApp wengi tunaandika i na u tu, tunaelewana, maisha yanaendelea. Lakini wanaokiandika kwa utaratibu wa watafsiri na wataalamu wa lugha wanaongeza ɨ na ʉ, kwa sababu sauti hizo ni tofauti na i na u. Jina la lugha yenyewe linakuwa Ɨkɨnyakyʉsa. Hesabu herufi zenye mstari hapo: tatu kwenye neno moja. Sasa miaka hii watu wanapenda kuipa bidhaa jina la kwao, na mimi naunga mkono, maana jina la kwenu linauza. Mtu aliyeko Dar akiona salamu ya nyumbani kwenye pakiti anasimama. Ila ukiamua kuliandika kwa herufi zake kamili, lazima fonti iwe nazo.

Nina mteja, mama anayesaga unga wa ndizi na kuutuma kwa mabasi. Kabla hajaja kwangu alichapisha stika 500 sehemu nyingine, shilingi 150 kila moja, yaani 75,000. Neno kubwa la juu lilikuwa salamu ya Kinyakyusa, herufi kubwa tupu: ɄGONILE. Mchoraji alimtumia hilo neno kwa meseji ya WhatsApp ili ahakiki tahajia. Mama akaangalia, akaona liko sawa, akajibu sawa. Stika zilipokuja, zote 500 zilikuwa zimeandikwa kisanduku halafu GONILE. Alipolalamika akaambiwa, si ulihakiki mwenyewe? Binti yake akakaa na kalamu ya maka anachora Ʉ moja moja juu ya kisanduku. Maka yenyewe ikawa inafutika pakiti ikishikwa na mkono wenye majimaji.

Hapo kuna mambo mawili yametokea, na yote mawili yanaweza kukupata kesho.

La kwanza ni hiyo herufi kubwa. Fonti aliyotumia yule mchoraji ilikuwa na ʉ ndogo, ila Ʉ kubwa haikuwemo. Unaweza kushangaa iweje fonti iwe na mtoto bila mama. Sababu ipo. Herufi ndogo ʉ ilikuwemo kwenye Unicode tangu mwanzoni, kwa sababu wataalamu wa lugha duniani wanaitumia kuandika matamshi, na matamshi hayana herufi kubwa. Ʉ kubwa iliingizwa kwenye orodha mwaka 2006. Kwa hiyo fonti iliyochorwa kabla ya hapo, au iliyochorwa na mtu asiyejali, inaweza kuwa na ndogo na isiwe na kubwa. Na sisi kwenye lebo tunapenda nini? Herufi kubwa! Jina la bidhaa lote kubwa, tena nene. Unaandika kwa herufi ndogo, unaona iko vizuri, unabonyeza kitufe cha kugeuza yote kuwa makubwa, kisanduku kinatokea. Kwa hiyo ukijaribu fonti jaribu kubwa na ndogo, zote.

La pili ni la simu. Simu inakudanganya kwa nia njema. Ukiandika neno kwenye WhatsApp na fonti ya simu haina herufi fulani, simu haikuonyeshi kisanduku haraka haraka. Inakwenda kuazima hiyo herufi kwenye fonti nyingine iliyomo ndani ya simu. Wewe huoni tofauti, labda herufi moja tu inaonekana nyembamba kidogo kuliko wenzake. Lakini programu nyingi za wachoraji wa lebo haziazimi hivyo. Kama haimo, haimo. Ndiyo maana mama aliona sawa na mashine ikatoa kisanduku. Aliloliona lilikuwa fonti ya simu yake, halikuwa fonti ya lebo. Kwa hiyo usihakiki jina la bidhaa kwa meseji. Dai faili la PDF la lebo yenyewe, jinsi itakavyochapwa, ulifungue, ukuze, usome herufi kwa herufi. Kama kuna herufi inaonekana imetoka familia nyingine, nyembamba au fupi kuliko jirani zake, imeazimwa. Mwambie abadilishe fonti.

Sasa tuje kwenye aina za mafaili, maana hapa napo kuna maneno mengi ya kutishana.

Ukipakua fonti utakuta faili linaishia na .ttf au .otf. TTF ni TrueType, ilitengenezwa na Apple, ikaanza kutumika 1991. OTF ni OpenType, Microsoft na Adobe waliitangaza 1996. Kwa lebo yako zote mbili zinafaa. Kuna watu watakuambia OTF ndiyo ya kuchapia na TTF ni ya ofisini. Usipoteze usingizi. Mashine ya kuchapa inazisoma zote. Kikubwa ujue kwamba mpango wa OpenType unaruhusu faili moja kubeba michoro zaidi ya elfu sitini na tano, lakini kuruhusiwa siyo kujazwa. Nyumba ya vyumba kumi inaweza kuwa na kitanda kimoja. Nimeshaona OTF nzuri sana yenye A mpaka Z na hakuna hata alama ya asilimia.

Kuna aina ya zamani inaitwa Type 1, ya Adobe, ya tangu 1984. Faili zake zinaishia na .pfb na .pfm. Kama logo yako ilichorwa zamani na mtu mwenye kompyuta ya enzi hizo, inawezekana ilitumia hiyo. Adobe waliacha kuisapoti kwenye programu zao, mwisho ukawa Januari 2023. Maana yake logo iliyokuwa inafunguka miaka yote, ukimpelekea fundi mwenye programu mpya, inafunguka ikiwa imebadilika mwandiko au inamwambia fonti haipo. Kama una logo ya namna hiyo, mtafute fundi mwenye programu ya zamani akugeuzie maandishi kuwa mchoro, mapema, kabla kompyuta yake haijafa.

Halafu WOFF na WOFF2, hizo ni za tovuti, zimebanwa ili zifunguke haraka kwenye intaneti. Ukizituma kwa mchapaji atakurudishia. Na siku hizi kuna fonti moja inayobeba unene wote ndani ya faili moja, nyembamba mpaka nene, unavuta tu. Ni nzuri ukiwa unachora, ila mashine nyingine za zamani za kuchapia zinachanganyikiwa nazo, kwa hiyo kabla ya kutuma geuza maandishi kuwa mchoro.

Hilo la kugeuza maandishi kuwa mchoro nilieleze, maana nimelitaja mara mbili. Kwenye CorelDRAW na Illustrator kuna amri inayochukua herufi na kuifanya iwe umbo tu, kama vile umbo la jani au duara. Ikishakuwa umbo, haihitaji fonti tena. Mchapaji hata kama hana fonti yako, lebo inatoka vilevile. Ubaya wake, ukishageuza huwezi kurekebisha tahajia. Siku ukibadilisha namba ya simu inabidi uanze upya. Kwa hiyo weka mafaili mawili: la kuhariri unabaki nalo, la mchoro unatuma. Na hayo mafaili ni mali yako, umeyalipia. Mwambie mchoraji tangu siku ya kwanza kwamba utayahitaji yote mawili.

Wewe unayetumia Canva kwenye simu, pakua kwa chaguo la PDF ya kuchapisha. PDF ikitengenezwa vizuri inabeba fonti ndani yake, kwa hiyo inasafiri na mihuri yake. Ukiwa na kompyuta, ifungue kwa Adobe Reader, nenda kwenye sifa za faili, kuna orodha ya fonti zilizotumika. Kila moja iwe na neno Embedded pembeni. Isiyo nalo ndiyo itakayokuletea shida. Na ukituma WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa na maandishi madogo ya viungo yanakuwa ukungu.

Ng' sasa. Hii inatuhusu wote, hata usiyejua neno moja la Kinyakyusa. Ng'ombe, ng'ara, kung'aa, ng'ambo. Ile alama ya juu ina sura zaidi ya moja kwenye kompyuta, na kila sura ina namba yake. Kuna iliyonyooka ', ya kwenye kibodi. Kuna iliyokunjwa ’, ambayo Word inakuwekea yenyewe. Kuna ‘ iliyokunjwa kwa upande mwingine, ya kufungulia nukuu. Na kuna watu wanatumia ile ` ya pembeni ya namba 1. Ya kuchapia lebo ni ’ iliyokunjwa kama koma iliyopanda juu: ng’ombe. Iliyonyooka si dhambi. Lakini ` na ‘ kwenye lebo zinaonekana kama kosa, na mteja mwenye jicho anaona. Tatizo linaanza pale unapoandika kwenye Word, inakukunjia alama, unakopi na kupesti kwenye fonti ya urembo ambayo ina ' tu. Kisanduku. "Ng▯ara" kwenye stika ya sabuni. Sabuni ya kung'arisha ambayo jina lake haling'ai.

Na kwa wauza mtandaoni, jambo dogo lakini lina hela ndani yake: ukiandika hashtagi yenye hiyo alama, inakatikia hapohapo. #Ng'ara inakuwa #Ng. Unapandisha posti na hashtagi isiyokuhusu. Kama jina la duka lina ng', hashtagi iandike bila alama, #Ngara, na kwenye lebo uiandike kamili.

Hapohapo kwenye Instagram, tuongee kuhusu zile herufi za mapambo mnazozipenda kwenye bio, 𝓭𝓾𝓴𝓪 𝓵𝓪𝓷𝓰𝓾. Ile siyo fonti jamani. Ni alama za hesabu. Wataalamu wa hesabu walihitaji herufi za mwandiko kwa ajili ya kanuni zao, zikaingizwa kwenye Unicode mwaka 2001, na tovuti za mapambo zinazichukua kukupangia jina. Kwa macho ni duka langu, kwa kompyuta ni mlolongo wa alama za kanuni. Mteja akitafuta jina lako kwa herufi za kawaida, programu nyingine hazilitambui. Simu ya bei nafuu inaonyesha visanduku. Mteja asiyeona, anayetumia simu ya kumsomea, anasomewa alama moja moja badala ya jina. Na ukilikopi jina hilo ukampelekea mchapaji, fonti yake haina alama za hesabu, unarudi kwenye kisanduku. Jina la duka liandike kwa herufi za kawaida. Urembo uende kwenye picha.

Wapo wanaotaka kuvuka mpaka. Kutoka hapa Tukuyu ukishuka Kyela unafika Kasumulu, ng'ambo ni Malawi. Ukiandika Chichewa au Kitumbuka utakutana na ŵ, w yenye kofia. Wengi wa kule wanaandika w ya kawaida, lakini mteja wa jumla akikupa maneno yenye kofia, usimtolee kofia bila kumuuliza. Mteja wa Kikuyu wa Kenya ana ĩ na ũ. Hizo zina mtego wake: kuna ĩ iliyo herufi moja, na kuna i ya kawaida iliyowekewa kiwimbi juu kama kitu cha pili. Kwa macho ni moja. Fonti ikiwa nzuri inakipanga kiwimbi mahali pake, ikiwa mbaya kiwimbi kinaelea pembeni kama kofia iliyopeperuka. Ukiona hivyo, futa, andika upya kwa herufi iliyo moja.

Wanaopeleka mzigo Congo wanaandika Kifaransa: thé, café, qualité. Fonti nyingi zina é ndogo, ila É kubwa nyingine hazina, na sisi tunarudi kulekule kwenye kupenda herufi kubwa. CAFE bila alama, Mfaransa wa Lubumbashi atasoma tu, lakini ataona umefanya haraka.

Kiarabu ndicho kigumu kuliko vyote, na kuna wenzetu wanatuma asali na viungo Oman. Herufi za Kiarabu zinashikana, na herufi moja inabadilika sura kutegemea iko mwanzo, katikati, mwisho au peke yake. Tena zinasomwa kutoka kulia. Chukua neno asali, ambalo sisi tumelitoa hukohuko: عسل. Hizo ni herufi tatu zimeshikana. Kazi ya kuzishikanisha inafanywa na maelekezo yaliyomo ndani ya fonti ya OpenType, na programu unayochorea lazima ijue kuyasoma. Programu isiyojua inazitawanya, ع س ل, au inazigeuza zianzie kushoto. Kwako wewe usiyesoma Kiarabu inaonekana sawa tu, Kiarabu ni Kiarabu. Kwa mteja wa Muscat ni kama wewe uone mtungi umeandikwa I L A S A. Hapa sheria yangu ni moja: lebo ya Kiarabu haichapwi mpaka mtu anayesoma Kiarabu aone PDF ya mwisho. Siyo maneno peke yake. PDF.

Fonti gani sasa? Za kuanzia ziko za bure na ni halali. Kuna shirika linaitwa SIL, la mambo ya lugha, limetengeneza fonti Charis, Gentium na nyingine inaitwa Andika. Ndiyo, Andika, neno letu la Kiswahili. Iliundwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, kwa hiyo herufi hazifanani ovyo: l ndogo, I kubwa na namba 1 unazitofautisha. Wanachuo wa ualimu wanaokuja kwangu kuchapa zana za kufundishia nawawekea hiyo. Kwa lebo naipendea maandishi madogo, uzito, tarehe ya mwisho, namba ya simu, maana mteja asome 1 asiisome l. Nyingine ni Noto Sans ya Google, na jina lake limetokana na hivyo visanduku: no tofu, visanduku basi. Zote hizi zina Ɨ ɨ Ʉ ʉ, kubwa na ndogo. Kwa Kiarabu Noto wana fonti zake tofauti.

Kwa kweli hazina mbwembwe. Kama unataka mbwembwe, tumia fonti ya urembo kwa maneno ambayo herufi zake zimo, na hizi kwa mengine. Ila usichanganye ndani ya neno moja. Na usikubali fundi akuchoree kamstari juu ya u ya kawaida akasema imetosha. Kwenye saizi aliyochora itakaa, ukibadilisha saizi ya lebo kamstari kanahama, na ukikopi jina unapata u bila mstari.

Angalia leseni pia. Fonti nyingi za bure mtandaoni zimeandikwa kwamba ni za matumizi binafsi. Lebo ya bidhaa siyo matumizi binafsi. Hizo za SIL na Noto zina leseni ya wazi inayoruhusu biashara, huna wa kumlipa.

Hii hapa mistari ya majaribio. Ikopi, ihifadhi. Kabla hujalipia kuchapa, ipesti ndani ya fonti uliyoichagua kwenye programu ya mchoraji, siyo kwenye meseji:

Ɨɨ Ʉʉ Ŵŵ Ĩĩ Ũũ Éé Èè Çç Œœ
ng’ombe NG’OMBE ng'ombe “ ” – % ½ & @ + /=
Ɨkɨnyakyʉsa ƗKƗNYAKYɄSA
Il1 O0

Siyo lazima fonti ifaulu yote. Ifaulu yale unayoandika wewe.

Mwenye mashine ndogo ya risiti, ile ya karatasi ya milimita 58, yeye ana habari yake. Nyingi za bei nafuu zina herufi zake ndani ya mashine, orodha fupi ya zamani ile ya 256, na humo ɨ na ʉ hazimo. Fonti ya simu yako haiingii mle. Ukitaka jina la duka litoke kamili, litengeneze kama picha nyeusi na nyeupe uiweke sehemu ya logo. Mashine inachapa picha bila kuuliza ni herufi gani. Majina ya bidhaa kwenye mistari ya chini yabaki kwa herufi za kawaida.

Mwisho, kuziandika. Wengi mnaniuliza inbox hizi herufi nazipata wapi. Kwenye Word ya Windows, andika 0268 halafu bonyeza Alt na X kwa pamoja, inageuka ɨ. Kubwa yake ni 0197. Kwa ʉ ni 0289, na kubwa yake 0244. Kwenye simu, kopi kutoka kwenye ile mistari ya juu, halafu ingia kwenye mipangilio ya kibodi, sehemu ya kamusi binafsi, weka njia ya mkato: ukiandika uu1 ikuletee ʉ, ukiandika ii1 ikuletee ɨ. Dakika tano tu, na utaacha kuzitafuta kila unapopandisha bidhaa mpya.

Wiki ijayo tunaingia kwenye rangi: kwa nini kijani ya kwenye simu inatoka kama majani ya chai yaliyokauka kwenye karatasi.